Muziki au Kelele? Tusikie Kwanza, Tuhukumu Baadaye

Naomba nafasi katika ukurasa huu niseme neno kuhusu jambo lililozua ubishi mkubwa hapa shuleni mwaka huu, kuanzia madarasani hadi pale langoni kwa mama wa mahamri. Jambo lenyewe ni muziki. Si wa injili, si bongo fleva, wala si ule wa matatu unaotikisa vioo. Nauzungumzia muziki wa mitambo unaotengenezwa kwa kompyuta na vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambao mara nyingi hauna mwimbaji, hauna kiitikio, na ni nadra kuusikia redioni.

Wenzangu wengi wamekwisha kata shauri: ati ni kelele. Wengine wanaongeza kwamba ni kelele za Wazungu. Mwalimu mmoja, ambaye simtaji kwa heshima yake, alisema kwamba ukisikia jokofu bovu likinguruma umesikia albamu nzima. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kicheko si hoja. Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Kwa maoni yangu, muziki huu ni muziki, tena ni jamaa yetu wa karibu kuliko tunavyodhani, na sisi vijana wa Malindi na Kilifi tuna sababu yetu wenyewe ya kuusikiliza. Sababu hiyo nitaieleza huko mbele. Hata hivyo sitausifu wote kwa mkumbo. Penye pumba nitasema ni pumba.

MUZIKI HUU NI UPI?

Kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza naiita muziki wa machache. Hapa fundi huchukua sauti mbili tatu tu, akazirudia, huku akizibadilisha kidogo kidogo. Ni kama maji ya bahari yanapojaa. Ukiyatazama huoni yakisonga, lakini ukigeuka ukazungumza na mtu kisha ukarudi, unakuta mtumbwi uliokuwa mchangani sasa unaelea. Ya pili ni muziki wa majaribio. Hapa fundi hutumia sauti ambazo si za ala yoyote: mvua juu ya bati, soko, gari, hata nyaya za umeme. Huzirekodi, akazikatakata kwa kompyuta, akazivuta, akazipanga upya mpaka zikawa kitu kingine.

Watu huuita muziki wa chini kwa chini kwa sababu hauletwi na kampuni kubwa. Hutolewa na lebo ndogo, nyingine zenye watu watatu wanne tu, na huuzwa kupitia mtandao. Nakala chache hutolewa kwa santuri na kanda. Naam, kanda zile zile ambazo wazazi wetu walikuwa wakizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic!

Mimi huusikia vipi? Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo jioni narudi nyumbani, nateka maji, namaliza kazi ya ziada. Simu shuleni ni marufuku na sina yangu. Lakini Jumapili binamu yangu huja kutoka Mtwapa na simu yake na spika za masikioni, naye si mchoyo. Basi nimekuwa nikisikiliza kwa mwaka mzima na kuandika katika daftari. Haya hapa ninayoyaona yanafaa kukufikia, pamoja na alama, kama mwalimu anavyosahihisha insha.

KMRU: ANAYESIKIA UMEME

Tuanze na Nairobi. Huyu anajiita KMRU, na jina lake ni Joseph Kamaru. Wazee wakilisikia jina hilo watamkumbuka mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Hawakosei, maana yule ni babu yake na mjukuu amerithi jina. Babu aliimba maneno makali, mengine ya kisiasa. Mjukuu haimbi hata neno moja.

Albamu yake iliyomtangaza ulimwenguni ni "Peel" ya mwaka 2020, iliyotolewa na lebo ya Ulaya iitwayo Editions Mego. Ina vipande sita na inapita saa nzima. Kipande cha mwisho peke yake kinazidi dakika 20. Hakuna ngoma ndani yake. Kuna kitu kama ukungu wa sauti unaotanda, na ndani ya ukungu huo unasikia kwa mbali vitu vya kawaida vya mjini, lakini huwezi kuvishika. Mara ya kwanza ukisikiliza utangoja kianze. Hakianzi ng'o! Kumbe kimekwisha anza, wewe ndiye uliyekuwa ukingoja mlango usiokuwapo.

Mwaka 2024 akatoa "Natur" kwa lebo ya Touch ya Uingereza. Ni kipande kimoja tu cha kama dakika 50. Katika kazi hii alitumia vifaa vinavyonasa mawimbi ya umeme-sumaku, yaani ile mivumo inayotoka katika nyaya, taa, simu na mashine, ambayo sikio letu haliisikii peke yake. Kwa hivyo mwalimu wangu wa jokofu hakuwa mbali na ukweli! Tofauti ni kwamba KMRU anakuuliza swali: umezungukwa na sauti hizi mchana na usiku, mbona hujui zinafananaje? Mimi niliyesoma sura ya mawimbi katika Fizikia mwaka huu nilipata kuelewa kwa sikio nilichokuwa nimekikariri kwa kalamu.

Kasoro yake ni moja. Kuna dakika kumi hivi katikati ya "Natur" ambapo nilihisi fundi ameniacha njiani akaenda kunywa chai. Uvumilivu ni jambo jema, lakini hata subira ina mpaka. Nampa 8 kwa 10.

NYOKABI: MBUZI, MAEMBE NA UFUO WA GALU

Nyokabi Kariũki ni Mkenya aliyekuwa Marekani wakati wa janga la korona, akiwa mbali na kwao. Akachukua sauti alizokuwa amezirekodi nyumbani Kenya na kuzitengeneza upya. Matokeo yake ni "peace places: kenyan memories" ya mwaka 2022. Ndani yake kuna kipande kiitwacho "Galu", na Galu, msomaji, ni ufuo wetu wa Pwani Kusini, kule Kwale. Kuna kingine ambacho jina lake lataja ngurumo na kuwalisha mbuzi maembe. Kuwalisha mbuzi maembe! Nani kati yetu hajafanya hivyo msimu wa maembe unapofika na yanaoza chini ya mti?

Kazi hii ni fupi na laini, na ina sauti ya mtu, tena katika Kiswahili na lugha nyingine. Kwa mtu anayeanza, hapa ndipo pa kuanzia. Lililonigusa ni hili: sauti ambazo sisi tunazipita kila siku bila kugeuka, mwenzetu aliyekuwa mbali alizihitaji kama mgonjwa anavyohitaji uji. Nampa 9. Ile moja nimeizuia kwa sababu majina mengi ya vipande ni ya Kiingereza, na hii ni magazeti ya chama cha Kiswahili, jamani!

SINGELI: MTOTO WA TAARAB ANAYEKIMBIA

Wanaosema muziki wa kompyuta ni wa Wazungu, nawaomba wapande basi mpaka Dar es Salaam, washuke Mburahati au Manzese. Huko ndiko kwenye singeli. Mafundi walichukua vipande vifupi vya taarab, hasa ile midundo na vinanda, wakavirudia na kuviendesha mbio. Muziki wa kawaida wa kucheza una mapigo kama 120 kwa dakika. Singeli hupita 200, na mingine hukaribia 300. Moyo wa mwanariadha anayemaliza mbio haufiki huko.

Studio moja ya Mburahati iitwayo Sisso ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017. Uliandaliwa na lebo ya Kampala ambayo jina lake, kwa Kiswahili chetu, mwalimu mlezi angelifuta kwa wino mwekundu kabla hajamaliza kulisoma. Wenyewe hujitetea kwamba kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza. Sawa, nimewasamehe. Lebo hiyo ina dada yake iitwayo Hakuna Kulala, na hilo angalau laandikika.

Baada ya hapo zikafuata "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta na "Uingizaji Hewa" ya Duke, zote za mwaka 2019, kisha "Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko mwaka 2024. Tazama majina hayo! Tatizo pesa. Uingizaji hewa. Hiki si Kiswahili cha kuazimwa, ni Kiswahili cha mtu aliyekaa chumba kidogo chenye joto na mfuko mtupu. Wazungu wananunua santuri hizo wakiyatamka majina kwa shida, ilhali sisi wenye lugha hatuzijui.

Kwa upande wa dosari, singeli yenye maneno wakati mwingine ina matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama yangu. Na ukiisikiliza saa nzima umekaa kitini, kichwa kinauma kama umegongwa na nazi. Haikutengenezwa kwa ajili ya kiti. Nampa "Singeli Ya Maajabu" 8, na mkusanyiko wa mwaka 2017 nampa 7.

DUMA: HAPA NDIPO NILIPOSHINDWA

Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi. Albamu yao ya mwaka 2020, yenye jina hilo hilo, iliwafikisha mbali sana. Sisi tukisikia duma twamfikiria yule mnyama mwenye mbio. Wao wamelitoa katika Kikuyu, na maana yake ni giza. Na kweli ni giza. Mmoja anapiga mayowe, mashine zinasaga vyuma, ngoma zinamiminika kama kokoto kutoka kwenye lori.

Nimejaribu mara nne. Naelewa kwamba ni hasira, na vijana wa nchi hii hawakosi la kukasirikia. Naelewa kwamba imetengenezwa kwa ufundi. Lakini kila mara niliivua ile spika ya sikioni kabla ya nusu. Sitasema si muziki, maana chakula usichokipenda hakikomi kuwa chakula. Nampa 5, na mwenye tumbo gumu aende akajaribu.

NAJIBU HOJA ZA WAPINZANI

Hoja ya kwanza: ati muziki usio na maneno hauna ujumbe. Je, kayamba lina maneno? Lile la matete na mbegu ndani yake, linapotikiswa kwa mwendo mmoja saa nzima, usiku kucha, mtu wa Giriama hahitaji kuambiwa ujumbe wake. Mchezaji wa mwanzele hutikisa mabega kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hata bwana harusi akisikia zumari kwa mbali anajua kinachomngoja. Nasema hivi nikiwa mwanachama wa chama cha lugha: maneno ni matamu, lakini si kila kitu kitamu ni maneno.

Hoja ya pili: ati ni uvumbuzi wa Ulaya na sisi tunaiga tu. Hapa vitabu vingi husema kwamba muziki wa kukatakata sauti zilizorekodiwa ulianzia Paris mwaka 1948, kwa Mfaransa Pierre Schaeffer aliyerekodi treni. Lakini miaka minne kabla yake, mwaka 1944, kijana wa Misri aitwaye Halim El-Dabh alikwenda mahali pa sherehe ya zaar mjini Cairo akiwa na mashine ya kurekodi kwa waya. Akazirekodi sauti za wanawake, akazipeleka studio ya redio, akaondoa hiki, akaongeza mwangwi hapa na pale, mpaka maneno yakapotea ukabaki mvumo. El-Dabh alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Sasa zaar ni nini? Ni ngoma ya kutuliza pepo. Msomaji wa Pwani, unahitaji nikueleze zaidi? Basi kazi ya kwanza kabisa ya aina hii tunayoijua ilitoka Afrika, tena ilitoka katika ngoma ambayo ni ndugu ya zile zinazopigwa huku kwetu. Aliyeiga ni nani?

Hoja ya tatu ni ya wazazi, nayo si ya kudharauliwa. Wanasema muziki huu ni wa zile sherehe za mwisho wa mwaka chini ya mibuyu na ufuoni, ambako kuna pombe na mihadarati. Pwani yetu imezika vijana wengi kwa sababu ya dawa za kulevya, na mzazi anayeogopa ana haki ya kuogopa. Lakini tutenganishe mambo mawili. Huwezi kulewa kwa sababu ya "Peel", utasinzia tu. Na kama sherehe ndiyo inayoharibu muziki, basi hata taarab na chakacha zingekuwa zimepigwa marufuku kitambo, kwani vileo huko pia havikosi. Mwenye kuuza sumu sokoni haifanyi mihogo ya jirani yake kuwa sumu.

SWALI LA BIBI

Hoja iliyonitia jasho kwelikweli haikutoka shuleni. Ilitoka kwa bibi yangu mzaa baba. Yeye ni mpigaji kayamba tangu ujana wake, na kijijini kwetu wamebaki wawili tu wanaojua mapigo ya zamani. Nilimwekea "Natur" masikioni. Akasikiliza kwa utulivu muda mrefu kuliko yeyote darasani mwetu, macho kayafumba. Sikutarajia kwamba atalalamika, naye hakulalamika kweli. Akavua zile spika, akanirudishia, akasema: "Huyu mtu ana sikio. Lakini wachezaji wako wapi?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo nalitafuta. Kayamba halipigwi peke yake. Kuna mgonjwa anayepigiwa, kuna wanaoitika, kuna majirani waliokuja na kuni na unga, kuna watoto waliokatazwa kuja na wakaja. Kurudiarudia kule kwa mapigo kuna kazi: kunambeba mtu kutoka hapa kumpeleka pale, na watu wapo kumpokea. Muziki huu wa spika za masikioni nao unarudiarudia na kubeba, lakini unambeba mtu mmoja, peke yake kitandani, na akifika hakuna wa kumpokea.

Nadhani huo ndio udhaifu wake mkubwa, wala si ukosefu wa maneno. Ndiyo maana naiheshimu singeli pamoja na matusi yake, maana imezaliwa mtaani katikati ya watu. Na ndiyo maana natamani kusikia mtu akichukua sikio la KMRU na duara la kayamba, akaviweka pamoja. Huyo mtu hatatoka Berlin. Atatoka Ganze, Marafa, Takaungu au hapa hapa darasani.

SAUTI ZETU ZIKO WAPI?

Sasa nimefika kwenye ile sababu yetu wenyewe niliyoahidi. Mwaka 2022 KMRU alitoa kazi iitwayo "Temporary Stored". Aliitengeneza kutokana na rekodi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako kumejaa sauti zilizorekodiwa Afrika enzi za ukoloni. Nyimbo na ngoma za watu zimekaa kwenye rafu huko baridini kwa miaka na mikaka, na wajukuu wa waimbaji hawana habari. Kazi hiyo si tamu ya kuburudisha. Inahuzunisha, maana unamsikia mtu akiimba na hujui kama kuna yeyote wa nyumba yake aliye hai anayeutambua wimbo huo.

Sisi watu wa Kilifi tunaujua wizi wa namna hii. Vigango vya wazee wetu, vile vigogo vilivyochongwa vya kuwakumbuka waliokufa, viling'olewa vijijini vikauzwa mpaka vikafika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30. Vizuri. Lakini kigango kikiibwa kinaacha shimo ardhini, na mwenye nyumba akiamka analiona shimo. Sauti ikichukuliwa haiachi shimo. Mpigaji anaendelea kupiga, wala hajui. Shimo linaonekana siku anapokufa, na nakala pekee ya mapigo yake ipo ng'ambo kwenye sanduku lenye namba.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka sabini. Wamebaki wawili. Sihitaji kukuchorea hesabu hiyo ubaoni.

Isitoshe, sauti zinazopotea si za ngoma tu. Mashine ya kusaga unga ya dizeli, ile inayosema tuku-tuku-tuku na ambayo ukiwa mbali unajua bado haijafungwa, inatoweka kadiri umeme unavyofika. Mlio wa mbuzi ya kukunia nazi jioni, nyumba tatu nne kwa pamoja, kila mmoja na mwendo wake, unazidi kupungua kwa sababu tui sasa lapatikana katika pakiti. Huo mlio wa mbuzi nne ni muziki wa machache usio na mtunzi! Makasia ya wavuvi Mida, makuti yakipigwa na kaskazi, magari yakipita juu ya daraja la Kilifi: nani amevihifadhi?

Basi napendekeza mambo matatu kwa chama chetu cha Kiswahili.

Kwanza, tuanzishe rafu ya sauti. Tuna kompyuta moja katika maktaba na walimu wana simu. Kila muhula wanachama watano warekodi sauti tano za kwao, dakika mbili kila moja, na kuandika kwa Kiswahili ni sauti ya nini, ya wapi, tarehe gani, na kila sehemu yake inaitwaje. Hapo wanalugha tutapata kazi tele, maana kuna maneno ya sauti ambayo kamusi hazina na wazee wanayo.

Pili, tuombe ruhusa. Halim El-Dabh ni shujaa wangu, lakini sherehe aliyoirekodi ilikuwa ya wanawake, naye aliingia akiwa amejifunika asitambuliwe. Hilo mimi silipendi. Makaya yetu, ambayo UNESCO iliyaweka katika urithi wa dunia mwaka 2008, yana mambo ambayo si ya masikio ya kila mtu. Mzee akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, jina lake liandikwe, na nakala ya kwanza apewe yeye au jamaa zake. Tusije tukawa makumbusho mengine ya Tervuren, tofauti ikawa sare ya shule.

Tatu, wanaotaka kujifunza kutengeneza muziki wafunzwe. Nairobi kuna shirika la Santuri linalofundisha vijana muziki wa mitambo. Sikiliza jina hilo, santuri, neno la Kiswahili kabisa! Huku Pwani tuna maktaba, vyuo na kumbi. Sioni kwa nini mtoto wa Malindi ausikie muziki huu kama mvumo wa besi unaovuka miti kutoka mahali ambapo kiingilio kinashinda karo ya muhula.

Najua nitaambiwa, "Kijana, soma kwanza, mtihani wa kidato cha nne unakaribia." Nasoma. Lakini rekodi ya dakika mbili haimwangushi mtu mtihani, na kuna mambo ambayo hayangoji matokeo. Likizo ijayo, kwa idhini yake, binamu atakuja na simu na bibi atapiga kayamba mapigo yote anayoyakumbuka, na yule mwenzake atakuwapo kumsahihisha. Yeye ameweka sharti moja: lazima wachezaji wawepo. Wewe msomaji, kama una miguu, karibu. Na kama kwenu kuna mzee mwenye sauti yake, usimngoje mgeni mwenye maikrofoni ndefu. Muulize kesho, baada ya shule.

Mwanachama, Kidato cha Tatu